Nakivubo: Uwanja wa Kumbukumbu ya Askari

Msafiri atokaye Paya, katika mashamba ya mihogo, wimbi na mtama yaliyo magharibi ya mji wa Tororo, hana budi kwanza kuitafuta barabara kuu iendayo Jinja. Barabara hiyo hukutana na ile itokayo Busia kabla ya kufika Bugiri, na kutoka hapo watu wote wa mpakani, wawe ni Wapadhola, Wasamia, Waiteso au wafanya biashara waliovuka kutoka Kenya, husafiri njia moja. Basi hupita Bugiri na Iganga, hupita Magamaga yenye kambi ya jeshi, hupita miwa ya Kakira, kisha huvuka mto Nile pale Jinja juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 1918 ukiongeza karne moja, yaani 2018. Baada ya hapo ni kivuli cha msitu wa Mabira, miwa tena ya Lugazi, mji wa Mukono, na hatimaye vilima vya Kampala.

Kabla ya kuingia mjini, abiria huonyeshana uwanja mkubwa ulio juu ya kilima cha Namboole. Huo ni Uwanja wa Taifa wa Mandela, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1997. Watoto waliosafiri kwa mara ya kwanza hunyanyuka vitini kuutazama, na wengi huamini kwamba hapo ndipo mpira wa Uganda ulipozaliwa. Wazee husubiri. Wanajua kwamba basi likishafika mwisho wa safari yake, katikati ya vituo vya mabasi na teksi na makelele ya soko la Owino, msafiri atakuwa amesimama karibu kabisa na uwanja mwingine, mkongwe kuliko huo kwa miaka 70 na zaidi. Huo ndio Nakivubo.

Wengi wa wapitao hapo hawauoni. Maduka yameuzunguka, wachuuzi wamejaa njiani, na mtu mwenye mzigo kichwani hana nafasi ya kuinua macho. Lakini uwanja huo una habari inayowahusu kwa karibu askari na jamaa za askari kuliko uwanja mwingine wowote nchini, kwa sababu kisheria ni uwanja wa kumbukumbu ya vita.

MWANZO WA UWANJA

Nakivubo ni jina la bonde. Maji yote ya mvua yateremkayo kutoka vilima vya Nakasero, Kampala ya Kale na Mengo hukusanyika humo, yakaingia katika mfereji wa Nakivubo, na kupelekwa hadi Ziwa Viktoria. Bonde la namna hiyo halikufaa kwa majumba ya wakubwa, ambao siku zote walipenda kukaa vilimani. Lilifaa kwa jambo jingine: lilikuwa tambarare, na watu wa vilima vyote waliweza kuteremka humo kwa miguu.

Uwanja ulijengwa mwaka 1926. Mwaka huo ni wa kukumbukwa katika historia ya kandanda ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ndio mwaka ambao Uganda na Kenya zilianza kushindania Kombe la Gossage. Akina mama wa zamani walilijua jina la Gossage kwa sababu nyingine, maana lilikuwa jina la kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza sabuni. Kampuni hiyo ilitoa kombe, na timu za nchi hizo mbili zikakutana Nairobi. Mchezo wa kwanza ulikwisha kwa sare ya mabao 2 kwa 2, ukarudiwa, na Kenya ikashinda kwa mabao 2 kwa 1. Tanganyika iliingia katika mashindano hayo mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Katika miaka yote ya kombe hilo, Uganda ndiyo iliyolitwaa mara nyingi zaidi.

Wachezaji wengi wa enzi hizo walicheza bila viatu. Hata mwaka 1956, timu ya Uganda iliposafiri kwenda Uingereza, ilicheza huko miguu mitupu, na Waingereza wakastaajabu kuona mpira ukipigwa kwa nguvu vile na mguu usio na kiatu. Mtu aliyekulia Paya au Busia hakuona ajabu. Alikuwa amecheza hivyo tangu utoto, kwa mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa kwa kamba, katika uwanja ambao mchana ulikuwa malisho ya ng'ombe.

KEYA NA WAPAGAZI

Ili kuelewa kwa nini uwanja wa mpira ulipewa jina la vita, yafaa kurudi nyuma kidogo.

Katika vita vya kwanza vya dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika ardhi ya Afrika Mashariki. Askari walikuwa wachache ukilinganisha na wapagazi. Barabara hazikuwapo, na ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilibebwa na kichwa cha mtu. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo ya watu ililigeuza kuwa Kariakoo, na hadi leo jina hilo limebaki Dar es Salaam, na kwa namna nyingine kidogo, Nairobi. Wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, Waganda wapatao 77,000 waliingia katika utumishi wa jeshi. Wengi waliingia katika kikosi ambacho watu wa mashambani walikiita Keya. Walipigana na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha wakavushwa bahari hadi Burma. Huko, mwaka 1944, askari wa Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya Asia, katika matope yaliyomeza magari na malaria iliyoangusha watu kama panzi, wakawasukuma Wajapani hadi mto Chindwin na kuuvuka.

Lugha iliyowaunganisha askari hao ilikuwa Kiswahili. Mtu wa Tororo, mtu wa Gulu, mtu wa Nyeri na mtu wa Songea waliamriwa, wakaimba na wakaomba maji kwa lugha hiyo. Waliorudi walikuja nayo nyumbani, na ndiyo sababu moja ya Kiswahili kuwa na mizizi mirefu katika kambi za jeshi na vituo vya polisi vya Uganda.

Lakini wako wasiorudi. Wengine walizikwa ugenini. Wengine hawakupatikana wazikwe, na majina yao yamechongwa kwenye mawe huko Taukkyan, karibu na mji wa Yangon, ambako majina ya askari wapatao 27,000 wasio na kaburi linalojulikana yameandikwa pamoja. Hakuna mama wa Paya au Samia aliyeweza kusafiri hadi huko kumwekea mwanawe jiwe au ua. Kwa mila za watu wa mpakani, mtu hulazwa katika ua wa baba yake, na jamaa hukaa matanga hata moto uzimike. Aliyekufa mbali bila kaburi ni deni lisilolipika kwa ukoo.

Hivyo uwanja wa Nakivubo ulipofanywa kuwa ukumbusho wa wale waliokufa katika vita, jambo hilo halikuwa dogo. Sheria iliyopitishwa mwaka 1953 iliuweka chini ya wadhamini, ili uwe mali ya kutunzwa kwa faida ya watu wote wa Uganda, na jina lake likawa Uwanja wa Kumbukumbu ya Vita wa Nakivubo. Nchi nyingine zilijenga sanamu za askari waliosimama na bunduki. Kampala nayo ilipata mahali ambapo vijana hukimbia, huanguka, huinuka na kushangilia. Ni vigumu kusema ni kumbukumbu ipi ambayo kijana aliyekufa na miaka 20 angeichagua mwenyewe, lakini si vigumu kukisia.

TIMU ZA MAJESHI

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1968, bingwa wake wa kwanza hakuwa timu ya matajiri wala ya kiwanda. Alikuwa Prisons, timu ya askari wa magereza wa Kampala, nao wakautetea ubingwa wao mwaka 1969. Mwaka 1970 ubingwa ulikwenda kwa timu ya Coffee, na mwaka 1971 ukachukuliwa na Simba, timu ya jeshi. Hivyo katika miaka minne ya kwanza, mara tatu kombe lilikaa katika mikono ya watu waliovaa sare za serikali.

Habari hii haishangazi ikitazamwa vizuri. Askari huamka mapema, hufanya mazoezi ya mwili kila siku, hula kwa saa, na hulala kwa saa. Zaidi ya hayo, kambi ilimpokea kijana wa kabila lolote. Timu ya mtaa huweza kuwa ya watu wa mtaa tu. Timu ya kambi ni ya nchi nzima. Mtoto wa Tororo aliyejua kupiga mpira angeweza kuonekana na mkubwa wake kambini, akaletwa Kampala, na jina lake likasikika katika redio ya jirani zake kule nyumbani.

Mwaka 1972 Simba ilifanya jambo ambalo hakuna timu ya Uganda iliyokuwa imelifanya kabla yake. Ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika. Mpinzani wake alikuwa Hafia ya Conakry, nchini Guinea, timu iliyojaa wachezaji wa taifa la Guinea. Simba ilifungwa mabao 4 kwa 2 ugenini. Marudio yalichezwa Kampala mwezi Desemba, na wapenzi wa mpira walitumaini kwamba mabao mawili yangeweza kulipwa mbele ya watu wa nyumbani. Haikuwa hivyo. Hafia ilishinda tena, kwa mabao 3 kwa 2, na kombe likaondoka.

Wakati huo nchi ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin, na mwaka 1972 ni mwaka wa majonzi mengi ambayo historia ya mpira haiwezi kuyafunika. Mpira wenyewe haukusalimika. Mwaka 1977 klabu ya Express, iliyoanzishwa mwaka 1957 na kupendwa na watu wengi, ilipigwa marufuku na serikali. Lakini ni katika miaka hiyohiyo timu ya taifa ilipata sifa kubwa. Mwaka 1973 mashindano ya Kombe la Chalenji ya nchi za Afrika Mashariki na Kati yalifanyika Kampala, na Uganda ikaifunga Tanzania mabao 2 kwa 1 katika fainali. Mwaka 1978 Uganda ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra, ikafungwa na wenyeji Ghana mabao 2 kwa 0. Philip Omondi, mshambuliaji wa KCC, alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano hayo kwa mabao yake 3.

Jina la Omondi ni la aina ambayo husikika pande zote mbili za mpaka. Mpaka huo, unaopita kati ya Busia na Busia, na kati ya Malaba na Malaba, ulichorwa na watawala baada ya mwaka 1902, pale jimbo la mashariki ya Uganda lilipohamishiwa upande wa Kenya. Ulizigawa koo, lakini haukuweza kuugawa mpira. Mwaka 1982 mashindano ya Chalenji yaliporudi Kampala, Kenya na Uganda zilikutana katika fainali. Baada ya sare ya bao 1 kwa 1, Kenya ilishinda kwa penalti. Siku kama hiyo katika Busia mbili huwa na sherehe upande mmoja na ukimya upande mwingine, na kati yao ni hatua mia chache tu. Mtu hushangilia akiwa kwake, kisha kesho yake huvuka kwenda kumfariji shemeji yake.

JOGOO WA NAKIVUBO

Timu nyingi za Kampala zilicheza Nakivubo, lakini moja ilizaliwa na jina la uwanja. Mwaka 1975 iliundwa timu iliyoitwa Nakivubo Boys, maana yake vijana wa Nakivubo. Baadaye ikaitwa Nakivubo Villa, na mwishowe Sports Club Villa. Wapenzi wake huiita Jogoo, neno la Kiswahili safi lililochukuliwa na watu wa Kampala, ambao mara nyingi husemwa kuwa hawakipendi Kiswahili. Mpirani, neno linalofaa hutumika bila kuulizwa kabila lake.

Villa ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Baada ya hapo mataji yalifuatana, hadi kufika 16 mwaka 2004. Mwaka 1991 ilifuata nyayo za Simba, ikafika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika. Huko Tunis, Club Africain iliifunga mabao 6 kwa 2. Mechi ya marudio ilichezwa Nakivubo mwezi Desemba, na ikaisha kwa sare ya bao 1 kwa 1. Mwaka uliofuata Villa ilifika tena fainali, safari hii ya Kombe la CAF, dhidi ya Shooting Stars ya Nigeria. Kampala matokeo yalikuwa 0 kwa 0. Ibadan Villa ikafungwa mabao 3. Mwaka huohuo wa 1992 mshambuliaji wake Majid Musisi alikwenda kucheza Rennes, nchini Ufaransa, na njia ya wachezaji wa Uganda kwenda Ulaya ikaanza kupanuka.

Katika fainali hizo za Afrika, bonde la Nakivubo lilishuhudia kombe likipita karibu bila kubaki. Hata hivyo, wazee wa mpira hawazitaji kama siku za aibu. Husema kwamba ni jambo moja kufungwa katika mchezo wa kwanza, na ni jambo jingine kufungwa katika mchezo wa mwisho, wakati Afrika nzima imekwisha kurudi nyumbani na umebaki wewe na mwenzako.

Uwanja ulitumika pia kwa mikutano mikubwa isiyo ya mpira. Mwaka 1993, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipoizuru Uganda, alikutana na vijana papo hapo Nakivubo.

Polisi nao hawakukaa pembeni. Timu yao ilipata ubingwa wa Uganda katika msimu wa 2004/05, na mwaka 2006 ikatwaa Kombe la Kagame la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati mjini Dar es Salaam. Katika miaka ya karibuni timu ya jeshi la UPDF na timu ya Polisi zimeshiriki ligi kuu, na timu ya magereza inaitwa Maroons.

MAJI NA MADUKA

Uwanja wa bondeni una maadui wawili. Adui wa kwanza ni maji. Mvua kubwa inyeshapo vilimani, mfereji hufurika, taka huziba njia, na barabara za chini hugeuka mito. Maji yaliyokuwa yakinywewa na majani ya mabwawa sasa hukuta saruji kila upande. Familia zikaazo mabondeni mwa mji huu zinaijua hasara hiyo: godoro lililolowa, unga uliomwagika, mtoto anayeharisha.

Adui wa pili ni biashara, ingawa si haki kuiita adui bila kueleza. Soko la Owino, linaloitwa rasmi Mtakatifu Balikuddembe, limekaa ubavuni mwa uwanja, na vituo vya teksi vipo karibu. Hapo ndipo nguo za mitumba zilizowavika watoto wa nchi nzima hununuliwa, na mama wengi wajane, pamoja na wajane wa askari, wamesomesha watoto kwa faida ya meza moja. Ardhi ya mahali kama hapo ina thamani kubwa kuliko ya shamba lolote la kahawa. Kidogo kidogo maduka yalisogea hadi kuta za uwanja, na upande wa nje ukawa soko kabla ya mtu kuuona mlango. Mwezi Februari 2017 soko la Park Yard lililokuwa kando ya uwanja lilibomolewa, na wachuuzi wengi wakaamka asubuhi wakakuta meza zao hazipo.

Mwaka huo uwanja wenyewe nao ulivunjwa ili ujengwe upya, kwa mapatano kati ya upande wa serikali na mfanya biashara Hamis Kiggundu. Kwa miaka saba hivi Nakivubo haukuchezewa. Namboole ilikuwa imekwisha kuuchukua ukubwa wake tangu mwaka 1997, na sasa hata udogo wake haukuwapo. Villa, timu iliyozaliwa na jina la bonde, ilikuwa imezoea kuhamahama katika viwanja vya wengine. Ukame wake ulikuwa mrefu: tangu mwaka 2004 haikuonja ubingwa.

Tarehe 25 Aprili 2024, Rais Yoweri Museveni aliufungua uwanja mpya. Una majani ya bandia, viti vya kukalia, taa za usiku, na maduka yaliyouzunguka kama ukuta. Jina lililoandikwa juu yake ni Hamz Stadium. Na mwezi uliofuata, Mei 2024, Villa ikatwaa ubingwa wa 17, baada ya miaka 20 ya kungoja. Wapenzi wa Jogoo walisema kwamba mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Mwenye kupenda mpira aachwe na imani yake.

JINA LIKAE WAPI?

Ujenzi huo umezua maneno mengi, na wasemaji wa pande zote wana hoja. Wako wanaosema kwamba bila mfanya biashara uwanja ungebaki magofu, nyasi zikiliwa na mbuzi. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi hapakuonekana fedha za kuutengeneza. Wako wanaosema kwamba mali iliyowekwa chini ya wadhamini kwa ajili ya wananchi haipaswi kuzungukwa na maduka hadi mpira uwe mgeni ndani ya nyumba yake. Hilo nalo si neno la kupuuzwa, kwa kuwa sheria ya mwaka 1953 haikutungwa kwa ajili ya maduka.

Lakini kwa jamaa za askari liko jambo la tatu, ambalo halihitaji fedha nyingi wala mahakama. Nalo ni kumbukumbu. Jengo likivunjwa, laweza kujengwa tena. Jina likisahauliwa na watoto, hakuna fundi wa kulijenga. Kijana wa leo anayeingia Nakivubo kutazama mpira au muziki anaona jina la mfanya biashara, naye hajui kwamba mahali anapokanyaga pametengwa kwa ajili ya mtu wa ukoo wake aliyebeba mzigo wa unga mwaka 1916, au aliyezama katika matope ya Burma mwaka 1944. Jiwe moja lililochongwa vizuri langoni, lenye maneno machache ya Kiswahili, Kiingereza na Luganda, lingeweza kumwambia. Siku moja katika mwaka, kabla ya mpira kupigwa, timu za jeshi, polisi na magereza zingeweza kusimama kimya kwa dakika mbili. Mambo ya namna hii ni ya watu wote, na serikali, wadhamini na mwenye kujenga wanaweza kuyatenda pamoja bila mmoja kumshinda mwenzake.

Hata nyumbani kuna la kufanya. Katika maboma mengi ya Paya, Nagongera, Busia na Samia kuna sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha bibi, na ndani yake kuna nishani, mkanda, au karatasi ya kuruhusiwa kutoka jeshini iliyoliwa na mchwa pembeni. Mzazi na alitoe sanduku hilo wakati wa likizo, awaonyeshe watoto, awaeleze mwenye vitu alikuwa nani na alikwenda wapi. Karatasi ihifadhiwe katika mfuko wa nailoni mahali pakavu, na jina na namba ya askari viandikwe katika daftari la familia. Kazi hiyo haigharimu hata nauli ya kwenda Tororo.

Na familia itakapopata safari ya kwenda Kampala, kwa matibabu, kwa shule au kwa harusi, isiharakishe kutoka kituo cha mabasi. Mtoto ashikwe mkono vizuri, kwa maana Owino ni mahali pa kupotea, na mfuko wa fedha uwekwe mbele, si nyuma. Wakiisha kununua walichokijia, wazunguke hadi langoni mwa uwanja, wasimame kidogo kando ya njia ili wasikanyagwe na wapagazi wa leo, ambao nao hubeba mizigo kwa kichwa kama wa zamani. Hapo mtoto aambiwe jina kamili la mahali hapo, Uwanja wa Kumbukumbu ya Vita wa Nakivubo, na aambiwe ni kwa nini linaitwa hivyo. Kama siku hiyo kuna mchezo, na kiingilio kinapatikana, waingie wautazame hadi mwisho.